Urais Wangu na Harusi ya Bowie

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimedhulumiwa! Chama chetu cha Waswahili hapa Marekani kimechagua rais, na si mimi. Kwa jumla nimepata kura nyingi kumshinda Bi Johari wa Bowie. Hapa Fairfax nimezoa karibu zote! Lakini katiba yetu inasema kila tawi kati ya matatu lina kura moja, na yeye kapenya Bowie na Columbia kwa vikura viwili vitatu. Basi kashinda yeye! Ugonjwa huu tumeuokota kwa Wamarekani. Nchi nzima inapanga foleni kumchagua rais, kisha majimbo ndiyo yanayoamua, na mwenye kura chache anaweza kuingia Ikulu. Upuuzi mtupu! Mama mkwe anakuja kutoka Mombasa mwezi ujao, na nilishamwambia mkwewe ni rais.

Jumanne, 7 Oktoba

Kutwa nimenguruma kwenye kundi la WhatsApp. Nimesema rais achaguliwe kwa kura za watu wote, zihesabiwe pamoja. Kila mtu mzima apige yake, si mwenye nyumba peke yake kama ilivyo sasa. Tuanze sisi, Marekani itafuata. Irene, katibu wetu, Mtanzania wa Columbia, kauliza kama sina kazi. Mkosa adabu! Lakini watu wamekubali. Johari naye kasema hana neno, uchaguzi urudiwe, na tarehe nichague mimi. Mimi! Masikini, hajui anacheza na nani.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechagua Jumamosi ya tarehe 18. Siku hiyo Bowie kuna harusi kubwa. Wanawake wa huko, jeshi lote la Johari, watakuwa ukumbini na hina zao mikononi. Nani atakumbuka kura? Safa, mke wangu, kaniuliza mbona nacheka peke yangu jikoni. Nikamwambia nawaza demokrasia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Lahaula! Safa kanipigia kutoka harusini. Irene kaingiza sanduku la kura ukumbini! Johari eti kasema kura sasa ni ya mtu, si ya tawi, basi imfuate mtu alipo. Nikawasha gari mbio, foleni ikanitoa roho. Kufika mlangoni, wanawake watupu. Mwanamume haingii! Nikasema mimi ni mgombea. Shangazi wa bibi harusi akanijibu hata bwana harusi mwenyewe angengoja aitwe. Nikabaki nje nanusa udi. Nilitaka wakala wangu akae karibu na sanduku, lakini mawakala wangu wote wana ndevu. Nikampigia Safa aniangalizie. Hakupokea. Ngoma ilikuwa imekolea, namjua.

Jumapili, 19 Oktoba

Matokeo. Fairfax nimeshinda. Columbia nimeshinda! Lakini Bowie wamefurika: mama, binti, shangazi, nyanya, kila mmoja na kura yake. Wamenimeza. Kwa katiba ya zamani leo ningekuwa rais! Safa kakiri kwamba naye alipigia kura mle mle. Nikamuuliza alimpa nani. Akasema kura ni siri, kisha akanikatia kipande kikubwa cha keki ya harusi. Sikuila. Nilikula kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimerudi kundini kwa hasira. Itakuwaje harusi moja itutawale sote? Nani atayalinda matawi madogo? Wazee walioiasisi Marekani walijua walichokuwa wakifanya, tusiwadharau! Nimedai kila tawi lirudishiwe kura yake moja, na uchaguzi ufanywe upya. Mama mkwe nimempigia, nimemwambia rais bado ni mimi, kuna karatasi tu zinarekebishwa. Sasa nahitaji Fairfax, ambayo ni yangu, na Columbia. Na tarehe nimeshaipata: Jumamosi, 8 Novemba. Columbia wana harusi, na Irene ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi hiyo. Wanawake wote watakuwa ukumbini. Safari hii hawatapata hata nafasi ya kushika kalamu!