Barafu ya Mzee Saa

Jumatatu, 8 Juni
Wamemleta Mzee Saa, yule fundi saa wa sokoni. Moyo umemsimama akiwa na bisibisi mkononi. Nimempokea mwenyewe. Chumba cha maiti cha hospitali hii ni himaya yangu: jokofu moja, ufunguo mmoja, mtunzaji mmoja.

Bintiye amepiga simu kutoka mbali. Atafika Ijumaa. Hajamwona baba yake tangu aolewe, kilio hakimwachi aseme. Nikamwambia asihofu, atamkuta kama amelala. Maneno yamenitoka tu!

Tatizo ni mawingu. Jokofu linakula umeme wa jua, na jua limegoma. Shemeji amekuja kupima betri. Ni mdogo wa mke wangu, na ndiye aliyefunga zile paneli juu ya paa. Tangu siku hiyo kila mtu anamwita Injinia. Mimi bado naitwa "we bwana". Amesema betri hazitafika Ijumaa, Mzee apelekwe hospitali kubwa leo, gari lipo. Daktari Mkuu akaniuliza mimi. Nikasema marehemu hahamishwi kama mpangaji. Nitamudu!

Gari likaondoka na mgonjwa wa mguu.

Jumanne, 9 Juni
Nimewaza. Jua ni moto. Paneli zimepoa. Basi zipashwe! Nikaazima majiko mawili ya mkaa, nikayapandisha paani, nikayapanga chini ya paneli. Nikapepea. Mita ya umeme ikashuka. Nikapepea kwa bidii. Ikashuka kwa bidii.

Shemeji akatokea ngazini. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nuru huja kwa chembe, akasema. Chembe yenye nguvu ya kutosha ikiigonga silikoni iliyomo kwenye paneli, inang'oa elektroni. Ndani ya silikoni kuna mpaka unaozisukuma elektroni hizo upande mmoja tu, kama umati unaotolewa kwa mlango mmoja. Mwendo huo ndio umeme. Joto la mkaa haling'oi kitu. Linaupunguza tu ule msukumo.

"Joto ni adui, Shemeji," akasema. "Tunataka nuru."

Nikamjibu kwamba nilikuwa nakausha umande.

Jumatano, 10 Juni
Jua! Dogo, lakini jua. Yeye si anataka nuru? Nikakusanya vioo: cha wauguzi, cha kinyozi, na kile kikubwa cha kabati la mke wangu (hajajua). Vyote nikavielekeza kwenye paneli ya pembeni. Iling'aa mpaka macho yakatoa machozi. Mita wala haikutikisika.

Nikampigia Shemeji, nikajifanya namuulizia rafiki. Akasema paneli zimeungwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Mmoja akishiba peke yake haisaidii, ndoo zitakwenda kwa mwendo wa yule mnyonge. Kisha akauliza huyo rafiki yuko juu ya paa gani. Nikakata simu.

Nikaigusa ile paneli. Inaunguza! Na joto ni adui, kasema mwenyewe. Hapa sasa ndipo akili ya mtu inapopimwa. Hospitali nzima, kitu gani ni baridi kuliko vyote? Barafu! Ile ya akiba niliyomzungushia Mzee Saa, endapo jokofu litazima. Nikaikomba yote kwenye ndoo, nikaongeza maji, nikapanda, nikamwaga.

Mlio kama wa mfupa. Ufa ukakimbia kutoka kona hadi kona, na silikoni ikapasuka pamoja na kioo. Paneli moja ikafa, mfululizo wote ukakatika.

Jioni betri zikakata roho. Jokofu likanyamaza. Nilikuwa sijawahi kusikia kimya chake.

Alhamisi, 11 Juni
Gari bado halijarudi. Nimefungua mlango wa jokofu mara moja. Nimeufunga.

Shemeji ameng'oa paneli ya nyumbani kwake na kuileta mgongoni. Amefunga nyaya akiwa amepiga magoti. Mvua ikaanza. Hakushuka. Mita haikupanda kitu.

Mke wangu ameulizia kioo. Nikamweleza yote. Akakaa kitandani, akasema, "Mzee wa watu." Basi. Hajanisemesha tena.

Ijumaa, 12 Juni
Binti amefika. Amebeba shati la baba yake, limepigwa pasi, limekunjwa kwenye kanga. Daktari Mkuu alikuwa ameshaagiza jeneza lipigiliwe misumari, lisifunguliwe kwa yeyote.

Binti akaniuliza nani kalifunga. Nikasema ni mimi, dada. Akasema, "Lakini uliniambia nitamwona." Akaniuliza kimetokea nini.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Daktari Mkuu pia. Nikafungua kinywa nikiwa na nia njema kabisa.

"Ni mawingu," nikasema.

Shemeji akasogea, akamshika binti mkono. "Paneli nilifunga mimi, dada yangu. Nisamehe."

Binti hakumlaumu. Akalitandaza shati juu ya jeneza, akalinyoosha mikono, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Akaliinamia, akaanza kumsimulia baba yake habari za wajukuu. Nikatoka nje. Sikujua niweke wapi mikono.

Jumatatu, 15 Juni
Daktari Mkuu ameuchukua ufunguo wangu. Nimehamishiwa lango la nyuma, kulinda matofali. Amesema nisiguse hata swichi. Shemeji tukikutana ananisalimia kwa adabu, kama mtu asiyenijua. Mke wangu anatandika kitanda upande wake tu.

Nimekaa hapa tangu asubuhi, nimetafakari sana. Juu ya nguzo kuna kipaneli kidogo na taa yake. Kipaneli kinatazama mbinguni, taa inatazama matofali. Mafundi hawa! Nuru yote ile inamwagika chini bure. Nikiigeuza taa itazame kipaneli, taa itakilisha kipaneli, kipaneli kitailisha taa, na mawingu yatatukoma milele. Nikifaulu hapa, napeleka wazo lile lile kwenye jokofu.

Nimeshafungua skrubu mbili. Ya tatu ina kutu.