Tulivyomshangilia Mama Elsa Akituaga

Jamani, leo nimejiumbua mchana kweupe, kanisani, mbele ya watu wote wa Khayega. (Na tai mpya shingoni!)

Mnajua mimi ndiye ninayepanga masomo na nyimbo za ibada. Leo tulikuwa na mambo mawili: kumuaga Mama Elsa, mmisionari aliyenifundisha kupiga kinanda, na kumpokea Pasta Yona, mchungaji wetu wa kwanza Mwafrika. Nikapanga kuaga kwanza: somo la Paulo akiagana na wazee wa Efeso, kisha wimbo wa huzuni. Halafu kupokea: zaburi ya furaha, pambio, ngoma.

Ibada ikikaribia, Mzee Lubanga wa baraza la kanisa akaninong'oneza, "Mwalimu, si vizuri mchungaji angoje. Tumpokee kwanza."

"Sawa, mzee."

Sawa! Nikaketi kwenye kinanda, nikanyoosha tai. Sikumwambia msomaji. Sikuiambia kwaya.

Pasta Yona akaitwa, akasimama akitabasamu. Rasoa, msomaji wetu, akaja mbele. (Yeye akianza kusoma haangalianga mtu.) Akasoma jinsi watu walivyolia shingoni mwa Paulo, maana hawangemwona tena. Pasta akamgeukia mkewe. Kwaya ikaingia polepole na wimbo wa kwaheri. Kina mama wa nyuma wakatoa leso!

Nilipaswa kusimama niseme. Nikaona aibu. Nikaendelea kupiga.

Kisha Mama Elsa akasimama. Akasema alikuja kwetu akiwa msichana, na kule anakorudi hakuna tena anayemjua. Sauti ikakatika. Akaketi, akafunika uso.

Rasoa akasoma kwamba leo ni siku ya kushangilia. Ngoma zikalipuka! Vigelegele! Nikawapungia mikono waache. Wakadhani nataka waongeze nguvu. Wakaongeza.

Baadaye nikamfuata Mama Elsa mlangoni. "Mama, nisamehe. Mpango ulibadilishwa, nami sikumwambia msomaji wala kwaya."

Akanishika mkono. "Mmeimba vizuri, Mwalimu. Hamkukosea hata noti moja." Akacheka kidogo, lakini macho yalikuwa mekundu.

Anaondoka kesho asubuhi. Nitakwenda kumuaga mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kupanga chochote.

Nanyi msinicheke. Atakayecheka ndiye atakayepanga ibada ya Jumapili ijayo.