Spika za Bweri Hazifichi Kitu

Leo spika zangu zimenianika. Na nimezichonga mwenyewe, nimezifunga nyaya, nimezipaka vanishi. Shukrani ndiyo hiyo.

Mnanijua. Natengeneza redio pale Kitaji, naishi Bweri, na ndoto yangu ni moja: watu watoke hata Bunda waje sebuleni kwangu kusikiliza muziki tu, wametulia. Nawaambiaga kila siku, hizi MP3 za kutumiana kwenye simu zimepunguzwa. Faili kubwa za FLAC zimebaki na kila kitu. Hata pumzi ya mwimbaji unaisikia. (Shikeni hilo, kila kitu.)

Juzi nilirekodi kwaya yetu mazoezini. Leo baada ya ibada nikawakaribisha wasikie. Niseme ukweli? Nilitaka Rhoda tu asikie sauti yake. Rhoda wa soprano. Nampenda siku nyingi na sijawahi kumwambia hata "umependeza". Lakini huwezi kukaribisha binti wa watu peke yake, nikaita kwaya nzima, na mama yake humo humo. Mama Rhoda anaimba alto na hachekagi ovyo.

Kwenye kispika kidogo cha simu nilishausikiliza ule wimbo, MP3 yake, mara nyingi. Safi! Leo nikaweka faili kubwa kwenye laptopu, laptopu kwenye amplifaya, amplifaya kwenye spika. Nikafunga madirisha. Nikaomba wasitafune maandazi kwanza.

"Kijana, tunasikiliza au tunapasuliwa?" akauliza Mzee Magesa wa besi.

"Subiri, mzee wangu. Utasikia mpaka kiti kikilia."

Wimbo ukaanza. Jamani! Kinanda kama kiko pale pale mezani. Mzee Magesa akajisikia akiimba, akavua kofia. Rhoda akafumba macho. Nikasema moyoni, leo nimeweza.

Sasa kwaya yetu ina mtindo wake. Kabla ya ubeti wa mwisho mwalimu anainua mkono, wote wananyamaza kabisa, halafu wanaingia kwa nguvu. Kimya kile kikafika. Na ndani yake, kwenye spika zote mbili, mtu akanong'ona:

"Ee Baba, yule wa gauni la kijani nipe mimi. Ng'ombe wa mzee kule Butiama bado wapo. Nakuomba tu."

Sauti yangu! (Siku ile kinasa sauti nilikishika mkononi, karibu na kidevu. Na mimi wimbo ukinigusa huwa nasali.)

"AMINA!" akajibu Mzee Magesa kwa besi kamili. Amezoea, akisikia ombi anaitikia. Nusu ya kwaya ikafuata: "Amina!"

Halafu wakagundua wameitikia nini.

Nikaruka kuzima. Nikakosea kitufe, nikaongeza sauti. Ubeti wa mwisho ukatulipukia, sahani ya maandazi ikaenda chini. Nilipofanikiwa kuzima, Mama Rhoda alikuwa ananitazama.

"Rudisha hapo."

"Mama, nadhani faili limeharibika..."

"Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Tukasikiliza upya. Ubora wa juu kweli, hata nilivyomeza mate ilisikika.

"Siku ile," akasema polepole, "gauni la kijani tulivaa wawili. Mimi na Rhoda. Tulishonesha kitambaa kimoja. Fafanua."

Wapendwa! Kuna mtu aliteleza kwenye kochi kwa kucheka.

"Fafanua, kijana!" Mzee Magesa naye. "Sisi tumeshasema amina, tujue amina yetu ni ya nani!"

Nilitamani kuwa dagaa, nianikwe mwaloni, kando ya ziwa, na wenzangu, nisijulikane ni yupi.

"Rhoda, mama," nikasema. "Ni Rhoda."

Mama Rhoda akashusha pumzi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akajifuta machozi na khanga. "Afadhali! Mimi hao ng'ombe wako ningewarudisha."

Rhoda akasimama, akaanza kuokota maandazi chini. Hakunitazama.

"Mungu umemwomba vizuri," akasema. "Mimi ndiyo hujaniomba."

Akarudisha sahani mezani, ndiyo akanitazama.

"Jumapili ijayo uje nyumbani Buhare. Na usije na spika."

Kwa hiyo nitaenda, shati nimeshafua. Naombeni msicheke. Na wewe ukirekodi faili kubwa, sali kimoyomoyo.