Milimita Mbili kwa Siku

Jumatatu, 3 Juni

Sikupanda mlimani. Goti. Nimeandika nikiwa mezani, chai mkononi: ufa umepanuka milimita mbili. Jana mbili. Juzi mbili. Hii ni wiki ya sita ufa unapanuka kwa adabu namna hiyo, na sijauona hata mara moja.

Kazi yenyewe si ngumu. Vigingi viwili vya chuma, kimoja upande huu wa ufa, kingine ng'ambo. Unavuta tepu katikati, unasoma, unashuka. Shida ni saa tatu za kupanda! Mkuu wa kituo amesema mkuu mpya wa kitengo atatangazwa Ijumaa. Ni mimi au Bi Kina, yule anayepima sakafu ya bahari kwa meli na hachoki kutukumbusha. Nimeshaamua ni mimi.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Bi Kina ametandaza ramani yake mpya kwenye meza ya mikutano, ikafunika hadi vikombe vyetu. Anasema chini ya bahari, upande wa mashariki, kuna mapande ya mlima makubwa kuliko mji huu. Zamani sana ubavu mzima wa kisiwa ulikatika ukazama. Anasema uliobaki unaweza kufanya vilevile, na ukianza, utaanzia kwenye ufa wangu. Hakuna aliyegusa chai.

Kisha akaniuliza, mbele ya Mkuu, ufa unasemaje. Nikajibu milimita mbili kwa siku, bila kupepesa macho. Akasema ajabu, hajawahi kuona mlima unaokwenda kama saa ya ukutani. Watu wakacheka. Ameomba tukapime pamoja Alhamisi, na Mkuu amekubali. Mwanamke huyu kaamua kunimaliza!

Jumatano, 5 Juni

Nimepanda peke yangu, alfajiri. Mpango: nisogeze kigingi kimoja, kidogo tu, ili tepu ikubaliane na daftari. Nilidhani ufa umelala, na kwamba nitalazimika kuongeza.

Nilipofika juu nilirudi nyuma hatua mbili. Wiki sita zilizopita nilikuwa nauvuka kwa hatua moja. Leo nimetafuta mahali pembamba, nikaruka nikiwa nimefumba macho. Tepu inasema umepanuka mita moja na robo. Nikatupa jiwe ndani. Sikulisikia likifika.

Niliogopa, nasema kweli. Kutoka pale linaonekana paa jekundu la dada yangu, chini kabisa, kwenye mteremko ule ule wa ufa. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Nikisema ukweli, watu wote wa bondeni watahamishwa leo hii. Lakini nikisema ukweli, hizi wiki sita za daftari nitazieleza vipi?

Nikang'oa kigingi. Nikakileta karibu na ukingo hadi tepu ikasoma kama nilivyoandika, nikashindilia udongo, nikatandaza majani makavu. Kazi safi.

Alhamisi, 6 Juni

Bi Kina amepima mwenyewe, mara tatu. Sawa na daftari. Akautazama ufa muda mrefu, akasema macho yake yanakataa, ila namba ni namba. Tuliporudi akaniomba radhi mbele ya Mkuu! Mkuu akaandika barua palepale kwamba hakuna haja ya kuhamisha watu. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikauliza kama sukari ipo.

Lakini mimi si mnyama. Nimempigia Dada simu: ninaumwa, homa kali, aje aniuguze wiki mbili, yeye na shemeji, na kuku wao wakipenda. Dada akasema tangu utotoni homa yangu huja siku ya mtihani. Jioni akaja. Shemeji kabaki. Ni seremala, hajui kuacha kazi nusu, na ana kabati la mteja la kumalizia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata cheo! Nimepokea simu ya Mkuu nikiwa kitandani, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Dada akalia kwa furaha, akasema laiti mama angekuwepo. Kisha akasema homa imeshuka, anarudi kwake kesho. Nikakohoa mpaka kifua kikauma. Anabaki.

Nikampigia shemeji, nikamwambia mkewe anamhitaji leo, siyo kesho. Akacheka. Akasema kabati limebaki kupakwa rangi tu, atafika kesho kwa chakula cha mchana.

Jumamosi, 8 Juni

Saa nne asubuhi. Vikombe vilianza kugongana kabatini, kisha ukaja mngurumo usioisha. Dirishani vumbi tupu. Dada alikuwa ameshika sufuria ya uji. Akaniuliza ule ni upande gani. Nilijua. Nikasema sijui.

Jumanne, 11 Juni

Shemeji alipatikana jana. Leo tumemzika pamoja na majirani kumi na wanane.

Dada hakuuachia mkono wangu. Anawaambia waombolezaji kwamba homa yangu ndiyo iliyomwokoa, Mungu alipanga niumwe. Nikajifungia chooni nikalia hadi watu wakabisha hodi.

Bi Kina naye alikuja. Anasema kilichoanguka ni kipande kidogo tu, ubavu wenyewe bado umesimama. Anajilaumu kwamba hakuyaamini macho yake. Nikampa pole! Vigingi vyangu vimekwenda na mlima, vipo baharini, hakuna atakayevipima tena. Nikashukuru. Kisha nikajichukia kwa kushukuru. Kisha wakaleta chakula, nikala.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekabidhiwa ufa mpya. Mrefu kuliko ule, nao uko juu ya shule walikopelekwa walionusurika. Dada amehamia huko tangu jana. Anasema anataka kuwa karibu na majirani waliobaki. Mafundi wamepiga vigingi vipya. Nimeapa kaburini kwa shemeji kwamba nitapima kila siku, kwa mikono yangu, hata nikitambaa.

Leo mvua. Goti limevimba, na mtu akiteleza kule juu nani atapima?

Mchana Dada akapiga simu. Akauliza, mdogo wangu, hapa tulipo pana usalama? Akasema wengine wanataka kuhama, ila yeye amewaambia wasubiri neno langu. Haamini la mtu mwingine yeyote.

Nikafungua daftari jipya. Nikamwambia ni milimita mbili tu, walale.

Kesho nitapanda. Nimeshajaza hadi Jumapili, endapo goti halitakuwa limepona.