Ugonjwa wa Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa Kitivo chetu cha tiba ya wanyama ameniita ofisini. Nilijua tu! Amesema nimekuwa mhadhiri miaka tisa bila kupanda cheo, na kama semina yangu ya Jumatatu ijayo haitakuwa na jambo jipya, maabara ya homoni atakabidhiwa mwingine. Mimi nitawafundisha mwaka wa kwanza mifupa ya ng'ombe. Mifupa! Mimi niliyesomea homoni mpaka nikavaa miwani!

Huyo mwingine namjua. Ni Bi Swali, daktari wa kliniki yetu ya wanyama wadogo. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila semina huuliza swali moja tu, basi. Wa mwisho kuulizwa siku hizi anauza chakula cha kuku.

Naogopa. Vipele vimerudi mikononi, kama kila ninapoogopa. Nimepaka ile krimu. Daktari wa ngozi alisema ni kali, nisizidishe wiki mbili. Huu ni mwezi wa nne. Lakini yeye hana bosi kama wangu.

Jumanne, 4 Machi

Bahati imebisha hodi! Mama mkwe, anayeishi kwetu tangu paa lake lianze kuvuja, amelalamika wakati wa chai kwamba Meneja haachi kunywa maji. Meneja ni mbwa wake: mfupi, mweupe, hukagua kila mfuko unaoingia nyumbani. Kila jioni hupanda mapajani mwangu akanilamba mikono hadi viwiko. Mama mkwe hufurahi sana, husema mbwa hakosei kumjua mtu mwema. Mimi mbwa siwapendi. Nilichagua maabara ili nikutane nao wakiwa ndani ya chupa. Ila kwa ajili ya mama mkwe navumilia.

Leo nimemkagua mkaguzi. Tumbo limeshuka, manyoya ya ubavuni yamepukutika, kiu haikatiki. Dalili zote za mbwa aliyezidiwa na kortisoli, ile homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na msongo. Mke wangu alimshika, mimi nikafumba jicho moja, damu ikapatikana.

Jumatano, 5 Machi

Mashine imetoa majibu. Kortisoli iko chini. Chini kabisa! Nikamdunga dawa ya kuziamsha tezi zinazoitoa, nikasubiri, nikapima tena. Tezi zimelala fofofo. Mbwa ana dalili za kuzidiwa na kortisoli, na kortisoli yenyewe hana! Haimo katika kitabu changu chochote. (Kile kinene nimemwazima mtu, lakini hakiwezi kuwa tofauti sana.)

Ni ugonjwa mpya. Utaitwa kwa jina langu. Nimelitamka mbele ya kioo cha bafuni, nikaona linafaa kabisa kwa ugonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sina raha. Bi Swali amenikuta kwenye korido, akauliza mada yangu ni ipi. Nikasema ng'ombe. Akauliza ng'ombe gani. Nikasema wa kawaida. Nikaingia chooni na kukaa humo mpaka nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Nimechukua hatua. Nimepiga simu kliniki kwa sauti nyembamba ya bibi kizee, nikamwekea Bi Swali miadi ya kasuku mgonjwa, Jumatatu, saa ileile ya semina. Mpokezi akauliza kasuku anaumwa nini. Nikasema kikohozi. Akasema sawa, daktari.

Kwa nini amesema daktari?

Vipele vimefika mabegani. Nimeongeza krimu. Jioni Meneja alikuwa na furaha isiyo na kifani.

Jumapili, 9 Machi

Meneja hawezi tena kupanda kochi. Inabidi nimbebe mwenyewe mpaka mapajani. Mama mkwe, machozi yakimlenga, ameuliza kama atapona. Tangu baba mkwe afariki huyu mbwa ndiye mwenzake. Nikamwambia aje naye kwenye semina, mabingwa wote watakuwepo. Akanishika mkono, akaniita mwanangu. Nikaona haya kidogo. Kisha nikawaza kwamba machozi yake mbele ya Mkuu yatanisaidia.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Aibu!

Kasuku hakutokea, kwa hiyo Bi Swali alitokea. Mstari wa mbele! Hata hivyo nilizungumza vizuri. Mkuu aliitikia kwa kichwa mara mbili, akakubaliana nami. Nikaanza kukiona cheo hiki hapa.

Bi Swali akanyoosha mkono. Akauliza kama mbwa anapewa dawa yoyote. Swali la mwanafunzi! Nikacheka kwa sauti. Nikasema hapana, naapa, mbwa huyu naishi naye nyumba moja.

Hakuniangalia. Alimgeukia mama mkwe, akamuuliza kwa upole kama hakuna hata dawa ya kupaka. Mama mkwe akasema Meneja hajapakwa kitu, labda ile anayoilamba mikononi mwa mkwe wake kila jioni.

Meneja, aliposikia jina lake, akajikokota hadi kwenye kiti changu na kuanza kunilamba vidole. Mbele ya kitivo kizima! Nilishindwa hata kuuondoa mkono.

Bi Swali akaeleza kwamba krimu yangu ni steroidi, kwamba mwili wa mbwa unaiona kama kortisoli, ndiyo maana ya dalili zile, na tezi zake zimeacha kazi. Atapona, akiachishwa taratibu chini ya uangalizi. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe akambeba mbwa wake wakaondoka. Sikuitwa mwanangu.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu amesema nianze na mifupa wiki ijayo. Na hapo hapo, wazo! Nikamwambia halikuwa kosa bali jaribio. Nilijua tangu mwanzo! Nilimlambisha mbwa makusudi miezi minne, kuona kama dawa inaweza kuhama kutoka kwa mtu.

Mkuu akauliza kama kweli ni makusudi. Nikasema makusudi, siku hadi siku. Akaniomba niandike na kusaini. Nimemwandikia kurasa mbili, na sahihi nimeipigia mstari chini. Akanishukuru sana.

Ijumaa, 14 Machi

Kumbe kumfanyia mnyama jaribio bila kibali cha kamati ya maadili ni kosa la kufukuzwa kazi! Nimeitwa mbele ya kamati Jumatatu. Mwenyekiti ni Bi Swali. Mifupa ya ng'ombe, nikifikiria vizuri, ni somo zuri sana.

Lakini sijaishiwa. Nitasema mwenye mbwa aliridhia tangu mwanzo, na shahidi wangu atakuwa mama mkwe mwenyewe. Tangu semina hasemi nami, na mke wangu amehamia chumbani kwa mama yake kumuuguza Meneja. Nimeongea nao kupitia mlangoni. Nikamwomba mama aje awaeleze wanakamati mimi ni mtu wa namna gani.

Amekubali papo hapo! Amesema hata nisingemwomba angekwenda, na anataka azungumze yeye kwanza. Mke wangu naye anakuja.

Nimepumua. Nimewakodia teksi, wasije wakachelewa.