Fundi Brashi Apewa Jumba

“Mheshimiwa hajawahi kusoma hata riwaya moja ya Fundi Brashi.” Hayo ni maneno ya mwalimu mkuu mstaafu, yule pale nyuma aliyejialika mwenyewe, na kabla sijawasalimu waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, makaimu wa wasaidizi, wenza wao na madereva wao, itifaki ikiwa imezingatiwa, namjibu: uongo mtupu! Nimesoma majalada yote, mbele na nyuma, mpaka bei. (Makofi ya madereva.)

Nani asiyemjua Fundi Brashi? Kijiji kizima hakina lami, lakini kina mtu anayeandika riwaya asubuhi, anachonga vinyago mchana, na jioni anachora vibao vya vinyozi huku akipiga gitaa alilolitengeneza mwenyewe. Kitaalamu tunamwita rasilimali watu mtambuka. Ndiyo maana ofisi yangu, baada ya mchakato shirikishi, semina elekezi na upembuzi yakinifu uliofanyika kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, iliamua kumjengea Jumba la Sanaa papa hapa ilipokuwa nyumba yake, ambayo niliagiza ibomolewe, na ikabomolewa kwa kasi iliyovuka lengo kwa asilimia mia moja na nne! (Mke wa Fundi: “Na sisi tunalala wapi, baba? Riwaya yake mpya imelowa, kaianika kambani pamoja na soksi!”)

Nakushukuru, mama, kwa mchango wako. Fasihi inahitaji hewa. (Sauti: “Mwanikeni na Mheshimiwa!” Kicheko.)

Sasa tazameni nyuma yangu: nguzo, maktaba, ngazi za marumaru! Nani kafanya haya? Ni mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kitaifa! (Upepo unavuma. Jumba linapepea. Mlango mkuu unamfunika Mheshimiwa kichwa.)

Nitoeni! Tulieni! Ndiyo, ni turubai, kwani nani alisema ni matofali? Kalichora Fundi mwenyewe, huo ndio ushirikishwaji wa mlengwa. Jengo la matofali halikuwahi kuwepo, hata kwenye bajeti. Lakini uzinduzi ulikuwepo, na tumeutekeleza. Sanaa hoyee! Maendeleo juu! (Mbuzi analia.)

Nawashukuru kwa mwitikio huo. Na wewe, Fundi, pamoja na wanao mlioshika kamba za turubai: wafadhili wanafika baada ya chakula cha mchana. Shusheni hilo turubai, ongezeni ghorofa moja, na kwenye dirisha la juu mjichore wenyewe, mmelala.