Mfuko wa Muhogo Uliooza Mapema Mno

Jumatatu, 2 Juni 2025. Nachingwea.
Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku miaka sita sasa na mitaro bado imejaa. Aibu. Nimeamua kuikomesha mwenyewe. Nitatengeneza mifuko ya wanga wa muhogo: unabebea, unatupa, inaoza. Nimeona kwenye simu. Mke wangu Magreti akauliza kama muhogo wenyewe ni lile gunia letu la chakula. Nikamwambia dunia iko hatarini. Akasema na chakula cha jioni pia.

Jumanne, 3 Juni.
Nimekuna, nimechuja, nimepika na siki na glisirini ya Magreti ya kupaka. Gunia zima limetoa kindoo cha wanga. Wizi mtupu. Mkaa ukaisha kabla uji haujashika, nikakata mkorosho wa uani. Kuni mbichi, moshi hadi kwa jirani. Jirani ni Rashidy, anauza mifuko ya karatasi, kwa hiyo ana wivu. Akauliza inakuwaje mwokoa mazingira anakata mti. Hajui kiwanda kinavyoendeshwa.

Alhamisi, 5 Juni.
Imekauka. Mifuko mizuri, rangi ya uji. Mbuzi wa Rashidy wamekula nusu. Nimedai fidia. Anasema nishukuru: plastiki ingewaua, hii imewanenepesha, maana yake nimefaulu. Sijawahi kutukanwa kwa sifa namna hii.

Ijumaa, 6 Juni. Ruangwa.
Kesho Idi, soko limefurika. Nikamshawishi Zuhra, muuza samaki, achukue mifuko iliyobaki. Mteja wa kwanza hakufika hata barabarani. Maji ya samaki yaliyeyusha mfuko, perege wakaanguka mchangani, kanzu ya mtu ikapakwa uji wenye shombo. Zuhra akaniambia mbele ya watu wote: “Baba, mfuko wa kuoza uoze shimoni, siyo mkononi.” Wakacheka. Samaki nimelipa mimi. Mimi! Nani alimwambia atie vitu vibichi? Rashidy, meza ya pili, kauza karatasi zake zote.

Jumapili, 8 Juni.
Magreti anasema muhogo na kuni za mfuko mmoja zina gharama kubwa kuliko samaki aliyebebwa ndani. Nikamweleza kwamba uchumi wa viwanda hautazamwi hivyo. Akapanda basi kwenda Mandawa kumwomba kaka yake chakula. Kuomba! Watu watadhani tuna njaa. Jana Rashidy alileta nyama ya mbuzi ya Idi. Nimeila kwa hasira, maana ni mifuko yangu ile.

Jumanne, 10 Juni.
Magreti amerudi na kiroba cha mahindi. Amekisukuma chini ya kitanda, akakaa juu ya kitanda. Sawa. Nimesoma kwenye simu: kosa halikuwa langu, lilikuwa la muhogo. Wanga wa mahindi ni imara zaidi. Nasubiri aende kuchota maji.